Minyaa ya Sitara

Kama si eda ya mama, wallahi nisingepanda mnyaa hata mmoja. Nyumba yetu ya Bububu kila kitu kiko uani: jiko, mfereji wa maji, choo. Miaka yote ilitusitiri migomba ya jirani, ilivyosongamana hata paka akipita humwoni. Jirani akauza kiwanja. Aliyenunua, hata salamu hakutoa, akaifyeka migomba yote kwa asubuhi moja na kuleta mafundi wa kujenga ghorofa. Wiki hiyohiyo baba akafariki.

Basi mama kaingia eda, hataki kuonekana na mwanamme asiye maharimu wake, na mbele ya mfereji wetu wanaume wameshika machepe wanachanganya zege! Mama akawa hanywi maji, kisa asiende chooni mchana. Mtu mzima yule! Nilikuwa nikimtazama roho inaniuma.

Ukuta sikuuweza, na mabati aliyakataa, akisema yatampigia kelele na upepo. Nikaenda shamba kwa mama mdogo, karibu na Kizimbani, nikakata minyaa, ile miti ya ua, mirefu kunipita. Nikailaza kivulini mpaka maziwa yake yakakauka pale nilipokata, kisha nikaichimbia ukingoni mwa ua wetu, imebanana, na kuifunga kwa kamba za usumba. Mama mdogo alinionya kwamba maziwa yale yakiingia jichoni ni balaa. Nilipomwambia mama, alinicheka.

"Wanifundisha mnyaa mimi? Nnaujua tangu hujazaliwa."

Mambo yakatengenea. Mama akaanza kutoka, akakaa juu ya mbuzi yake akakuna nazi, na siku moja nikamsikia anaimba kidogo. Nikarudi kazini kwangu Tunguu moyo umetua.

Siku moja narudi alasiri, mlango umekomewa kwa ndani. Nabisha, naita, kimya. Baadaye sana nikasikia miguu inaburura. Akafungua. Lahaula! Jicho la kulia limefura, halionekani ukope wala mboni, na machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni. Nilipiga ukelele.

"Nyamaza," akanambia. "Watasikia wale."

Kumbe mnyaa mmoja ulikuwa umekauka, pakabaki upenyo. Alivuta tawi la mnyaa wa pili yake apazibe, likakatika, maziwa yakamrukia. Hiyo ni kabla ya adhuhuri! Akajiosha na maji ya kopo, akajifungia ndani.

"Simu si unayo? Mbona hukunipigia?"

"Ungekuja kunitoa. Mimi nna eda, ntatokaje?"

Hapo nilipandisha. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mamake. Nani kasema mwenye eda haendi hospitali? Eda gani hiyo ya kupofuka? Nikamvisha buibui, nikamtia kwenye gari ya kukodi. Kule hospitali daktari, mwanamme, anamwambia, "Bi mkubwa, nionyeshe jicho," naye anajifunika uso mzima kwa ncha ya buibui. Tukawa tunavutana buibui mimi na mama mbele za watu, astaghafirullah, mpaka akachoka yeye. Daktari aliliosha sana jicho lile. Kisha akanita pembeni akanambia tumechelewa, na kwamba huenda lisione tena. Mmea niliochimbia kwa mikono yangu ili mama anywe maji kwa raha!

Asubuhi yake nikaanza kuing'oa ile minyaa, uso nimeufunga kanga. Fundi mkuu, mtu wa Tumbatu mwenye ndevu nyeupe, akasogea. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Bi mkubwa hajambo?"

"Nani kakwambia anaumwa?"

"Jana tulisikia yowe," akasema. "Moja tu, kisha kimya. Tukaweka machepe chini, tukazunguka mpaka mlangoni kwenu. Nikapiga hodi, nikamuuliza tumwitie gari? Akajibu kwa ndani, salama, kaona mjusi. Nikangoja pale kidogo. Lile yowe halikuwa la mjusi, lakini mwenye eda, mwanangu, ntamvunjiaje mlango?"

Niliingia ndani mbio hata viatu sikuvua. Mama kakaa kitandani, jicho limefungwa bandeji.

"Mafundi walikuja jana?"

"Walikuja."

"Wakataka kukwitia gari?"

"Naam."

"Nawe ukasema mjusi! Mama! Mlango huo hapo, hatua mbili, na watu wamekuja kukusaidia!"

Alinigeuzia lile jicho lililobaki.

"Nlitaka kuwafungulia," akasema. "Nlikuwa naupapasa ushungi wangu nijitande. Macho yote mawili yalikuwa yanawaka, siuoni."