Peremende za Verlene

Verlene Batiste alikuwa mtu wa kuitikia. Kanisani, benchi la tatu kutoka mbele, mchungaji hakumaliza sentensi bila yeye kudakia, "Naam! Sema, baba!" Nyumbani aliitikia redio, akaitikia birika likichemka, akaitikia mvua ya Louisiana ikipiga bati. Hotelini alikopiga pasi mashuka kwa miaka thelathini, wenzake walimtania kwamba hata pasi ikifuka mvuke lazima aijibu.

Mwanawe Odell alikulia ndani ya sauti hiyo. Alipokuwa na miaka tisa alikaa barazani akisimulia habari za kambare aliyemponyoka mtoni, na kila baada ya maneno machache alinyamaza, akamtazama mama yake. "Sema, mwanangu," Verlene alimwambia, na hadithi ikaendelea. Asipoitikiwa, mtoto yule alikwama hapo hapo.

Akiwa na miaka kumi na tisa, yeye na Wade, kijana wa kizungu wa ng'ambo ya reli, walivunja duka moja, wakatoka na begi moja, wakakamatwa ndani ya gari moja. Wade alipewa kifungo cha mwaka mmoja, akakimalizia nyumbani kwao. Leo anauza mashua. Odell, mtoto mweusi, alipewa arobaini. Hesabu hiyo hadi leo haijaniingia akilini, na wala sitaki iniingie.

Miaka mitatu iliyopita, Odell aliposimama mbele ya bodi ya gereza kuomba aachiwe mapema, Verlene aliitikia. Neno moja tu, lilimtoka kama chafya. Askari akamtoa nje, na mwenyekiti akaandika kwamba familia haina adabu, warudi baada ya miaka mitatu.

Basi safari hii aliamua kujifunza kunyamaza. Kwa wiki nane alikwenda kanisani na peremende mdomoni.

"Dada Verlene, umekosana na Mungu?" Eulalie, jirani yake benchini, alimnong'oneza.

"Niache. Nafanya mazoezi."

"Ya kufa?"

"Ya kumtoa mwanangu."

Eulalie hakutania tena. Jumapili iliyofuata na yeye alikuja na peremende yake, na iliyofuata benchi zima.

Siku ilipofika, Verlene aliacha kitanda cha Odell kimetandikwa, bamia ziko jikoni, akaenda na Eulalie na benchi lao zima, kila mmoja na peremende yake. Chumba cha bodi kilikuwa cheupe, jua likipenya pazia taratibu. Odell aliingia na mvi zake. Peremende ikaanza kuyeyuka mdomoni, na Verlene akahisi chumba kinaelea. Benchi likawa lile la kanisani, harufu ya mto ikamjia, na mbele yake akasimama mtoto wa miaka tisa, miguu imejaa matope, ndoano mkononi.

"Nilikuwa mjinga," Odell alisema. "Kila siku namfikiria yule mzee mwenye duka."

Akanyamaza. Akamtazama mama yake.

Verlene alijua anangoja nini. Neno lilimjaa kooni hadi likamuuma. Akafumba macho, akaona baraza, akaona mto, akabana midomo. Benchi zima lilibana midomo pamoja naye.

"Umemaliza?" mwenyekiti aliuliza.

Odell alifungua mdomo, akaufumba. "Nimemaliza, mheshimiwa."

"Hata samahani hakusema," mwenyekiti alimwambia karani. "Andika hana majuto. Arudi baada ya miaka mitatu."

Mwanzo Verlene hakuelewa. Kisha alielewa yote kwa mpigo, na hasira ikampanda mwili mzima. Aliposema walimwadhibu mwanawe, na aliponyamaza wamemwadhibu vile vile. Askari walikuwa tayari wamemshika Odell mkono wakimwelekeza mlangoni. Verlene akatema peremende kwenye leso, akasimama.

"Sema, mwanangu."

Odell aligeuka. Askari, sijui kwa nini, nao walisimama.

"Nilitaka kumwomba radhi yule mzee," Odell alisema. "Nimemwandikia barua kumi na moja, mama."

"Naam!" benchi zima likaitikia.

"Sikumlaumu mtu mwingine. Hata Wade sikumlaumu."

"Naam!"

"Na wewe, mama. Umezeeka nikiwa humu. Nisamehe."

"Sema, baba," Verlene alisema huku akilia. "Sema yote, nakusikia."

Akasema yote. Karani alikuwa ameshafunika kalamu yake.