Mke Mzima Aliyekatiwa Bima

Binti yetu mkubwa ameolewa Maskati. Alipopiga simu kusema ana mimba, baada ya kungoja kwa muda ambao mimi na mama yake tulikuwa tumeacha hata kuuzungumzia, mke wangu alisujudu palepale jikoni, unga ukiwa bado mikononi. Alipoinuka akasema arobaini ya mjukuu wake atakwenda kuilea yeye. Kwetu jambo hilo halina mjadala. Mama ndiye anayemkanda binti yake kwa maji ya moto, anayempikia uji wa pilipili manga na kumwogesha mtoto mpaka siku zitimie. Mkwe wetu, Mungu amjalie kheri, alisema atatutumia tiketi mbili, nasi tushughulikie pasipoti, viza na bima ya safari.

Pasipoti na viza havikunisumbua. Bima ndiyo iliyonishinda, na si kwa ugumu wake.

Tunakaa Rutamba. Nina shamba la mikorosho, na alasiri watoto huja barazani kwangu kusoma Kurani. Pamoja na hayo, watu huniletea maji. Mwenye mgonjwa nyumbani huja na chupa, nami huisomea Fatiha na aya nyingine, nikaipulizia, naye akaenda kumnywesha mgonjwa wake. Sijawahi kumwambia mtu aache hospitali. Lakini watu husema mkono wangu una baraka, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa napenda kusikia hivyo.

Katika chumba kilekile ninamoweka chupa hizo, kando ya kitanda, kuna chungu kilichofukiwa nusu kwenye mchanga ulioloweshwa. Hatuna friji, kwa hiyo humo ndimo mke wangu anamohifadhi insulini yake. Hujichoma asubuhi na jioni. Kisukari chake ni cha siku nyingi, na waliokijua ni wauguzi wa Lindi na watoto wetu tu. Mimi ndiye niliyetaka iwe hivyo. Nilimwambia maradhi ya mtu ni sitara yake, hayatangazwi. Sitara ni neno zuri, na nililitumia vibaya. Niliona haya watu wajue kwamba anayesomea maji ya wagonjwa wao ana mgonjwa wake chumbani, na maji hayohayo hayajamponya.

Tulikwenda Lindi mjini kwenye duka la vitambaa na cherehani. Wenyewe ni ukoo wa Kihindi uliokaa pale tangu enzi za mababu, Waislamu wenzetu, na siku hizi katika kona moja wanakata tiketi za ndege. Mwenye duka, mwanamke wa makamo, alituamkia shikamoo, akatupa viti na soda. Mke wangu alikaa nyuma yangu kidogo, karibu na majora ya vitambaa.

Mwenye duka alitusomea kutoka kwenye kompyuta. Bima zilikuwa za namna mbili. Ya kwanza ilifidia mizigo ikipotea, ndege ikichelewa au safari ikivunjika, na ilitibu ajali au ugonjwa mpya utakaomwanza mtu safarini. Ugonjwa ambao mtu aliondoka nao nyumbani haikuuhesabu. Ya pili haikuwa na habari na mizigo, lakini ilikubali hata ugonjwa wa zamani ukizidi ghafla, kwa sharti kwamba utajwe mapema na kampuni iukubali. Ukifichwa nao wakaugundua, alisema, hawalipi kitu, na hospitali za kule kwa mgeni si mchezo.

Ningeweza kujibu palepale. Badala yake nilianza kuuliza maswali ya elimu. Je, hii si kama bahati nasibu? Mtu asiyeumwa, alichotoa kinakwenda wapi? Yule mama hakuchoka. Alipiga simu Dar es Salaam, akaniambia kampuni ile inayo bima ya kusaidiana, ambamo wasafiri huchangia mfuko mmoja ili atakayepatwa na shida asaidiwe, na kuna masheikh wanaousimamia. Nikauliza habari za masheikh hao. Nikauliza kinachobaki kwenye mfuko hugawanywa vipi. Ni maswali halali, na nimeyasoma kwa walimu wangu. Lakini siku ile niliyauliza kama mtu anayeizunguka nyumba kwa kuogopa kuingia ndani.

Nikiwa katikati ya maswali akaingia mwanamke wa Rutamba, jirani yetu wa upande wa kisimani, kununua uzi. Mama yake alikuwa na kidonda mguuni kisichopona, na chupa yake ilikuwa haikosi chumbani kwangu. Alisikiliza kidogo, akacheka.

"Mwalimu, hospitali si unayo nyumbani? Bima ya nini tena?"

Duka zima likacheka, kwa wema tu. Mwenye duka naye akatabasamu, akanigeukia.

"Haya, Mwalimu, bado swali la maradhi. Wewe na mama mna maradhi yoyote?"

"Alhamdulillah," nikasema. "Wazima sote."

"Sukari, presha, moyo?"

"Tunamshukuru Mungu."

Ni jibu nililolitoa maisha yangu yote. Mtu akiulizwa hali humshukuru Mungu kwanza, hata akiwa na homa, na ndivyo nilivyolelewa na ndivyo ninavyowalea watoto wa chuo. Lakini yule mama hakuwa ananisalimu. Alikuwa ananiuliza, nami nilijua tofauti. Nikachagua bima ya kwanza, nikasema kwa sauti kwamba tutakuwa na mzigo mkubwa wa korosho za binti, na korosho zikipotea itakuwa hasara. Akasema atayapeleka majibu yetu Dar es Salaam, na bima itakatwa siku tutakayofuata tiketi. Mke wangu hakuwa amegusa soda yake.

Siku zilizofuata hakunilaumu. Alikaanga korosho, akatwanga pilipili manga, akakunja vitambaa vya kumvisha mtoto. Nilipolifungua begi kutia kanzu yangu, nikaona vitu vya binti vimo, nguo zangu zimo, zake hazimo. Nikamuuliza.

"Mimi siendi," akasema.

Nilidhani anatania. Nikamwambia mjukuu anamngoja.

"Mke mzima ndiye aliyekatiwa bima. Basi huyo ndiye aende. Mimi nitabaki na sindano zangu."

Nikamwambia Mungu atamlinda. Hiyo nayo ni kweli, na nayo niliitumia vibaya. Alikuwa anapepeta mchele, akauweka ungo chini.

"Mungu amenilinda siku zote, Mwalimu. Anayenificha ni wewe. Nikianguka kule, binti yetu ana kichanga mkononi, ataanza kubembeleza hospitali ya watu? Au utawaambia ni moshi?"

Alikuwa anakumbuka maulidi yetu. Nyumba ilijaa wanawake, naye alijichoma sindano kwa kujificha, kisha akaona vibaya kula kabla ya wageni. Akapakua sahani za watu mpaka sukari ikamshuka, akaanguka jikoni. Walipomwinua nikasema ni moshi wa kuni. Wakamtoa nje apate hewa, na mimi nikabaki na wageni wa kiume, nikamalizia dua. Binti yetu huyu, akiwa msichana bado, ndiye aliyemtia mama yake sukari mdomoni.

Nilitaka kuondoka nikaswali, ili maneno yaishe. Akaniita.

"Na ule mguu wa mama wa kisimani. Kidonda hakiponi, maji anakunywa mtungi, na macho yanampa kiza. Mimi nilijua ni maradhi kama yangu tangu chupa yake ilipoanza kuletwa. Nimenyamaza, maana nikisema, wataniuliza nimejuaje."

Nimesoma vitabu, na nimesimama mbele ya watu mara nyingi kuwaambia habari za amana. Siku ile nilikaa kitako kizingitini mwa jikoni kama mtoto wa chuo. Nilikuwa nauchukua mguu wa mwanamke yule kila wiki mikononi mwangu, ndani ya chupa, na mwenye kuujua alikuwa amekaa nyuma ya pazia kwa ajili ya heshima yangu.

Nilimwomba radhi. Akasema radhi yake iko Lindi, dukani.

Tukarudi. Duka lilikuwa na watu kuliko siku ile, na mzee mmoja wa kijiji cha Sudi ninayemfahamu alikuwa amekaa akisubiri cherehani yake itengenezwe. Nilimwinamia mwenye duka nikamnong'oneza kwamba majibu yetu yana marekebisho. Alikuwa mwepesi wa kuelewa. Akafungua mlango wa nyuma ya kaunta, akasema karibu ndani, Mwalimu, tukazungumze kwa faragha. Nikashukuru, nikaanza kwenda. Kisha nikageuka kumwita mke wangu, nikaona hakuinuka. Alikuwa amekaa kwenye kiti kilekile karibu na majora, safari hii anakunywa soda ya maji, isiyo na sukari, bila haraka, wala haniangalii.

Nikarudi kwenye kaunta.

"Mke wangu ana kisukari," nikasema. "Anachoma sindano kila siku. Siku ile nilikudanganya."

Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka, kama ya khutba. Watu wakageuka. Uso uliniwaka mpaka masikioni.

"Na yeye ana presha," mke wangu akasema kutoka nyuma. "Andika na hiyo."

Mzee wa Sudi ndiye aliyecheka wa kwanza, akasema leo Mwalimu kasomewa yeye. Halafu, duka liliporudi kwenye shughuli zake, akakisogeza kiti chake kwa mke wangu na kumuuliza, kwa sauti ya chini, dawa ile kijijini anaiwekaje isiharibike, maana na kwake yumo anayeichoma. Nikamsikia mke wangu akimweleza habari za chungu na mchanga, wa chini usiwe maji matupu, uwe wa kulowana tu. Alieleza vizuri sana. Sikuwa nimewahi kumsikia akiyasema hayo kwa mtu.

Mwenye duka akatubadilishia. Kampuni ilitaka barua ya daktari, ikachukua muda kujibu, na hatimaye ikakubali kwa kuongeza mchango. Akanifafanulia, na safari hii nilisikiliza: bima ile ni ya hali kuzidi ghafla, haitampa dawa zake za kila siku. Dawa za kumtosha zote atoke nazo, azibebe mkononi pamoja na barua, zisiende na mizigo ya chini. Korosho zitasafiri bila bima. Zikipotea, zimepotea.

Tuliporudi Rutamba, mke wangu hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja upande wa kisimani. Alichomwambia yule jirani sikukisikia, lakini wiki hiyohiyo mama yake alipelekwa hospitali akapimwa, akakutwa na kisukari. Mguu umebaki, alhamdulillah, vidole viwili havikubaki. Waliponieleza hivyo niliomba udhuru nikatoka nje. Vidole vile nimevifikiria katika kila sala tangu siku hiyo.

Kesho tunaondoka. Leo majirani wamekuja kutuaga, na yule mama mwenye kidonda ameletwa, mguu umefungwa bandeji. Akaniuliza kama mtu anavyoulizwa, "Hamjambo, Mwalimu?"

Ulimi ulikuwa tayari na jibu lake. Mke wangu akainua macho.

"Alhamdulillah," nikasema. "Ila mwenzangu sukari inamsumbua, na safari ni ndefu. Tuombeeni."

Mwanamke yule akainua mikono palepale barazani, mahali ambapo bintiye na wenzake wamezoea kunikabidhi chupa, akamwombea mke wangu kwa sauti. Dua ilikuwa ndefu, tena nzuri. Mimi niliitikia amina pamoja na watoto wa chuo, nikiangalia mkeka.