Bibi Aliyechoka Kuchorwa Mgongo

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa ufagio. Bwana Mchoraji, Mjerumani aliyejenga karibu na Ipyana, kando ya ziwa, alinikabidhi kimono ya mkewe, joho la hariri la Kijapani, akasema, "Ikiota ukungu, kazi huna." Mimi binti wa wafinyanzi wa ziwani nilikuwa nimefua nguo misheni, nikaokota Kijerumani huko huko.

Ukutani alibandika picha za Wajapani zilizopigwa chapa kwa vibao vya mbao. Hazikuwa na vivuli. Kila umbo limezungushiwa mstari mweusi, na wanawake wengi wameonyesha kisogo tu. Alitaka kumchora Bibi, mkewe, vivyo hivyo. Kazi yangu ikawa kunyoosha mikunjo ya kimono na kufukuza kungu, wale wadudu wanaoinuka ziwani kama moshi, wasinase kwenye rangi mbichi.

Bibi hakutulia. Akikaa kidogo anainuka, anazunguka baraza.

"Geuka," Bwana anamwambia.

"Kila siku natazama ukuta. Uso wangu umeusahau?"

Bwana anakwangua rangi kwa kisu, anaanza upya.

Asubuhi moja Bibi alivaa nguo za safari, akaenda na wapagazi kungoja meli. Bwana hakumfuata. Alinitupia kimono.

"Vaa wewe. Mgongo ni mgongo."

Nilivaa, maana kazi niliitaka. Hariri ile iliniwasha kama upupu. Siku ya pili yake, nikiwa nimesimama hivyo, nikasikia viatu barazani. Meli haikuja, Bibi amerudi, vumbi mpaka kwenye nyusi.

Alinitazama, akatazama turubai la kuchorea, mgongo wangu juu yake.

"Kumbe hata hunihitaji," akamwambia mumewe polepole.

Nikavua kimono, nikaitundika msumarini. "Bwana," nikasema, "mtazame mkeo."

Alimtazama. Kisha akaweka turubai jipya.

"Simama hapo hapo. Vumbi usilipanguse."

Akamchora uso kwa uso, kwa mstari mweusi ule ule, bila kivuli, kimono ikining'inia tupu nyuma yake. Jioni Bibi alinishika mkono. "Ndaga," akasema, akinishukuru kwa lugha yetu.

Baadaye walirudi kwao na picha yao. Mimi nikaendelea kufua, misheni kisha hospitali, mpaka mgongo ulipokataa. Wajukuu huniuliza kama Bibi alitoka mzuri kwenye picha. Hapana. Alitoka mchovu, ana hasira, macho mekundu. Naye Bibi, mpaka walipoondoka, kila mgeni aliyeingia alimvuta mkono akaione picha ile.