Siku Wimbo Ulipomwacha Salge Nyuma

Salge Kisku aliimba kwenye harusi zetu tangu alipoolewa hapa kijijini Kuldiha, na hakuna aliyewahi kumwita msanii. Alikuwa Salge tu, mke wa Churka Hansda, mwanamke wa kupanda mpunga na kufuga nguruwe. Lakini akifungua kinywa, hata bwana harusi alisahau alichojia.

Majira ya baridi yaliyopita, Jadu, mdogo wake Churka, alimpeleka mjini Dumka kwenye studio ya jamaa mmoja. Jadu ni fundi baiskeli, na harusi zikiwapo hupiga picha. Huko Salge akarekodi wimbo wake mwenyewe, alioutunga akiokota maua ya mti wa mahua. Walirudi nao kwenye simu ya Jadu, tukausikiliza mpaka chaji ikaisha.

Haukupita muda, asubuhi moja Salge aliinama kufagia uani akashindwa kuinuka. Kiharusi. Hospitali walimwahi. Mkono ukarudi, mguu ukarudi, lakini mdomo ukabaki umevutwa upande, na maneno yakawa yanatoka kama ya mtu anayezungumza huku anatafuna. Akaacha kuimba. Wageni wakija, alijifanya ana kazi nyuma ya nyumba.

Daktari alimpa mazoezi: apulize mshumaa, ajaze hewa mashavuni, aseme a-e-i-o mbele ya kioo. Aliyafanya kila siku karibu na banda la nguruwe, asionekane na mtu. Taratibu mdomo ukanyooka, maneno yakasikika. Sauti ya kuimba tu ndiyo iliyogoma kurudi.

Mvua zilipokatika, Jadu akaja na wazo lake.

"Shemeji, sauti yako ninayo mfukoni. Niazime sura tu, tupige video."

"Sura hii?"

"Hiyohiyo. Wewe unafuatisha kwa midomo, simu ndiyo inaimba. Hata wale mastaa wa mjini hawafanyi zaidi ya hapo."

Bibi Pungi, mavyaa yake Salge, alikuwa akipepeta mchele barazani. "Mwache aende," alisema. "Hapa nyumbani anawaimbia nguruwe."

"Siwaimbii, mama. Nasema a-e-i-o."

"Basi nguruwe hao watakuwa wamejua kusoma!"

Salge alicheka, na sisi majirani tukajua amekubali.

Tulipiga video kando ya bwawa, mpunga ukiwa umeanza kubadilika rangi. Sisi wanawake tulishikana mikono mstari mmoja, sari nyeupe zenye pindo jekundu, maua nyweleni. Raska, mpiga ngoma wetu, alivaa ngoma yake ya madal shingoni. Jadu alifunga spika kwenye keria ya baiskeli, akafungulia wimbo, akawa anarudi kinyumenyume huku ameshika simu kwenye kijiti, mpaka akatumbukia shambani matope yakamfika magotini.

"Simu iko salama!" alipiga kelele kabla hatujamuuliza kama yeye ni mzima.

Mwanzoni Salge alijiziba kinywa kwa ncha ya sari kila wimbo ulipotulia. Jua lilipopanda aliisahau ile ncha, ikawa inapepea tu begani. Nilikuwa karibu naye, nikamwona: neno likitoka kwenye spika, naye analo midomoni. Tulirudi nyumbani tumechoka, tumefurahi, tukala bisi za mchele na pilipili.

Baada ya hapo yule jamaa wa studio alimtumia Jadu wimbo uliokamilika, ameusafisha. Jadu akauweka kwenye kompyuta pale kwenye banda lake la baiskeli, akaunganisha picha, kisha akatuita mimi na Salge tuone.

Ubeti wa kwanza, midomo na wimbo vilikwenda kama chanda na pete. Wa pili, nikahisi kitu hakijakaa sawa. Kufika wa mwisho, wimbo umeshalisema neno na kulimaliza, Salge ndiyo kwanza anafungua kinywa.

"Zima," alisema Salge.

"Shemeji, ni kidogo tu, nitarekebi—"

"Zima, Jadu. Umeanza tena."

Alikuwa anasema ugonjwa. Njiani alinishika mkono kwa nguvu. "Jhano, siku ile nilijiona mzima kabisa. Sasa kama mdomo unachelewa na mimi sina habari, kesho kitachelewa nini? Mguu? Moyo?"

Nilimfikisha mlangoni kwake. Akarudi kwenye kioo chake, na safari hii hakusema a-e-i-o. Alijitazama tu. Churka akaanza kupanga kumrudisha hospitali.

Kesho yake nilipeleka baiskeli kuziba pancha, nikamkuta Jadu amenuna mbele ya kompyuta. Kila mahali mdomo wa Salge ulipochelewa alikuwa anaufunika: huku anaweka miguu yetu, huku bata wa bwawani.

"Unamficha mwenye wimbo?" nilimuuliza.

"Nifanyeje, dada? Nimwanike aonekane mgonjwa?"

Akachukua kipande cha Raska akipiga ngoma, akakipachika mwishoni mwa wimbo, palepale kilipopigwa siku ile. Akakitazama. Akakirudia. Kisha akaniita nisogee.

"Tazama mkono wa Raska. Ukisikia ngoma ya wimbo, sema."

"Sasa," nilisema. Mkono ulikuwa bado uko hewani.

Tukatazamana.

"Raska naye ana kiharusi?" aliuliza Jadu.

"Raska ana uvivu. Kiharusi hana."

Akaangalia miguu yetu. Nayo ilichelewa, mstari mzima. Alinyakua simu, akampigia yule jamaa wa studio.

"Huu wimbo ulionitumia ndio uleule wa mwanzo?"

"Uleule, kaka. Nimeusafisha tu. Na nikauchangamsha kidogo."

"Kuuchangamsha vipi?"

"Ulikuwa unajikokota, nikauongezea mwendo. Kidogo sana! Watu wanataka kucheza, kaka."

"Sisi tulifuatisha ule wa mwanzo, bwana wee! Umechangamsha wimbo, mwenye wimbo nusura umzike!"

Alitoka mbio, banda wazi, miguu mitupu. Nilimkuta kwa Salge akihema.

"Si mdomo wako, shemeji! Wimbo ndio uliokimbia!"

"Unanibembeleza."

"Njoo umwone Raska. Kama wewe ni mgonjwa, basi kijiji kizima tupelekwe hospitali, na bata pia."

Alikuja, bado kajiziba kinywa. Bibi Pungi akafuata na mkongojo wake. Jadu akautupilia mbali ule wimbo mpya, akaweka wa zamani, akawarudisha bata bwawani na sura ya Salge mahali pake. Akafungulia.

Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Salge alikuwa amesimama hapumui, nami nimeshikilia mgongo wa kiti. Neno la mwisho la wimbo likafunga, na midomo yake kwenye kioo cha kompyuta ikafunga nalo, pamoja kabisa.

Alishusha pumzi ndefu. Ile ncha ya sari ikamponyoka mkononi. Machozi yalimtoka huku anacheka, na kicheko kilikuwa kimenyooka.

"Rudia," alisema.

"Mbona mimi simo?" aliuliza Bibi Pungi.

Churka alimpeleka Salge kwa daktari hata hivyo, ili moyo utulie, na daktari akamwambia aendelee tu na mazoezi. Aliporudi alijinyoosha kwenye kitanda cha kamba uani, jua likiwa bado kali, akalala usingizi mzito ambao hatukuwa tumeuona kwake tangu augue. Bibi Pungi aliketi pembeni na fimbo mkononi, akifukuza kuku na majirani.