Siku Bibi Aliponiita kwa Nyuma

Nilipokuwa mtoto pale Ujiji, nyumba yetu ilikuwa na sheria moja ambayo hata wageni waliifuata: mtu akishavuka kizingiti kwenda kwenye jambo lake, haitwi, na akiitwa hageuki. Iwe safari ya Kalinzi kufuata maharage, iwe posa, iwe mtihani wa darasa la nne. Ukimwita kwa nyuma umelikata jambo lake. Sheria ilikuwa ya bibi yangu, mzaa mama, Bi Mwajuma, aliyenilea tangu nina miaka mitatu. Alikuja nayo kutoka kwao milimani, pamoja na lafudhi ya Kiha ambayo miaka arobaini ya Ujiji haikuifuta.

Sasa utauliza, mtu akisahau kitu je? Bibi alikuwa na dawa yake. Kati ya ukuta wetu na ukuta wa jirani, Mama Shabani, palikuwa na kichochoro chembamba kinachopita nyuma ya choo na kutokea barabarani, mbele kidogo. Aliyesahau kitu alizungukwa kwa njia hiyo, akakabidhiwa uso kwa uso. Siku ya mtihani wa darasa la saba niliacha rula mezani. Bibi alikuwa anakamua mawese, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko. Akanyakua rula, akaingia kichochoroni mbio, Mama Shabani akampigia kelele, "Bi Mwajuma, leo tena mbio za mwenge!" Mimi niko zangu njiani, nikashangaa namwona anakuja kwa mbele, anatembea taratibu kama mtu anayetoka sokoni, kifua kinapanda na kushuka.

"Hujambo, mwanafunzi," akasema, uso mkavu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nimeokota rula njiani. Siyo yako hii?"

Nilifanya mtihani na alama ya kidole chake cha mawese kwenye ile rula. Nikafaulu. Kwa hiyo usije ukaniambia nilikuwa mjinga kuamini.

Miaka sita baadaye, nikiwa kidato cha sita, Bibi hakuwa mtu wa kukimbia tena. Miguu ilivimba, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo. Hospitali walisema moyo umechoka. Akawa analala barazani kwenye mkeka, ameegemea mito, maana akilala chali pumzi inakata. Mimi nilisoma pembeni yake. Nilitaka uhandisi wa umeme, na pale mtaani kwetu hakuna msichana aliyewahi kutamka neno hilo bila kuchekwa. Kila mtu aliniambia mtihani ule ndio mlango wa chuo, ukifungwa umefungwa. Nikawa nasikiliza pumzi za Bibi huku nahesabu siku. Nitasema ukweli, maana ndiyo tabia yangu: sikuomba apone. Nilimwomba Mungu asimchukue mpaka nimalize mitihani. Niliomba asubiri tu, kama vile ni gari.

Asubuhi ya pepa ya kwanza, ya Hesabu, nilimpa uji, akanywa vijiko viwili. Akanisomea dua, akanipulizia utosini. Nikavuka kizingiti. Nilikuwa nimefika kwenye nguzo ya umeme, hatua kama thelathini, nikasikia:

"Zaituni!"

Nikasimama. Sikugeuka.

"Zaituni, mwana wanje! Zaitu!"

Mwanangu, kwa Kiha chake. Mimi hasira zangu ziko karibu, haziombi ruhusa. Damu ikapanda. Miezi yote ile silali, nasoma kwa tochi ya simu, halafu leo, siku yenyewe, anakuja kunikatia! Nikapaza sauti nikiwa nimempa mgongo:

"Bibi, si wewe mwenyewe uliyekataza? Unataka nifeli?"

Nikaongeza mwendo.

Nilianza pepa vizuri. Maswali mawili ya kwanza yalikwenda kama maji. La tatu nikashika kalkuleta, na hapo likanijia swali jingine: kwani nimesahau nini? Nikapanga vitu vyangu mezani. Kalamu mbili, penseli, rula, kalkuleta, kitambulisho. Nikavigusa kimoja kimoja. Nikarudia. Vyote vilikuwepo. Hapakuwa na kitu nilichoacha nyumbani.

Kwa hiyo Bibi hakuniita anipe kitu. Na Bibi, katika maisha yake yote niliyoyajua, hakuwahi kumwita mtu kwa nyuma.

Watu wengi hawajui nilichofanya baada ya kuelewa hivyo. Nilikaa. Nilikaa karibu saa nzima, nimeinamia swali la nne, naandika mstari, naufuta, naandika uleule. Nilijiambia atakuwa amechanganyikiwa na dawa. Nilijiambia nikitoka nimefunga mlango wa chuo kwa mkono wangu. Nilimchukia kwa kuniita, nikajichukia kwa kumchukia, na kalamu ikawa nzito kama jembe. Mwishowe nikasimama.

"Binti, muda bado upo," msimamizi akaninong'oneza. "Ukitoka hapa hurudi ndani."

"Najua."

Nikapanda bodaboda. Tulipokata kona ya kwetu niliona viatu. Kandambili na makubadhi, vimejaa mlangoni, na mkeka wa barazani umeshakunjwa. Sikuhitaji kuambiwa. Mama Shabani alinidaka kabla sijaingia, akanibana kifuani kwake mpaka nikakosa hewa.

"Amekata roho hapo barazani?" nikamwuliza.

Mama Shabani ni mwanamke wa utani, hata msibani hukosi neno lake. Siku ile alitazama pembeni.

"Hapana, mwanangu. Tumemkuta kichochoroni."

"Kichochoro kipi?"

"Hichi chetu. Nyuma ya choo. Alikuwa amekaa chini, kashika ukuta. Sijui alifikaje na miguu ile."

Nikauliza mkononi alikuwa na nini. Nikauliza tena kwa ukali, kama vile yeye ndiye aliyemwua.

"Hakuwa na kitu, Zaituni. Vidole nimevikunjua mwenyewe. Hakuwa na kitu."

Alizikwa alasiri hiyohiyo. Sisi wanawake tulibaki nyumbani, tukasikia wanaume wanaondoka na jeneza, sauti zao zinapungua kuelekea makaburini, na hakuna aliyethubutu kunitazama. Jioni mjomba wangu, kaka yake mama, anayekaa Katubuka, aliniita chumbani. "Kesho una Fizikia," akasema. "Utaingia. Bibi yako alitaka hivyo." Nikamwambia hajui Bibi alitaka nini, hakuna anayejua, na kama ana haja sana na Fizikia aende akaifanye yeye. Ni mtu mpole mjomba, hakustahili.

Asubuhi nilikwenda. Nikavuka kizingiti, nikafika kwenye ile nguzo, nikasimama. Nilisimama muda mrefu hata muuza maandazi akaniuliza namsubiri nani. Hakuna aliyeniita. Ndani ya chumba cha mtihani niliandika namba yangu vizuri, kwa mkono safi, na baada ya hapo sikumbuki mengi, siku ile na siku zilizofuata. Matokeo yalipotoka hayakunifikisha chuo chochote.

Umeme nimejifunza mwenyewe, kwa kufungua redio mbovu na betri za sola zilizokufa na kwa vitabu vya mitumba. Leo nina kibanda changu karibu na soko, na mafundi wenye vyeti huja kuniuliza. Simu ikifa namwambia mwenyewe imekufa. Wateja wengine hawanipendi kwa hilo.

Basi na lile jambo niliseme hivyohivyo. Mjomba mpaka leo anaamini sheria ilitimia: niliitwa, jambo langu likakatika, tumeona sote. Wanawe waliosoma wanasema ni ujinga wa kizamani. Wote nawasikiliza na wote wananitia hasira. Mimi nilikuwa pale kwenye nguzo. Ile sauti ya pili, ile "Zaitu" iliyokatika katikati, niliijua. Bibi anayeleta rula haiti hivyo. Niliijua palepale, kabla ya kalkuleta, kabla ya kupanga vitu mezani, nikaishika sheria yake kwa sababu iliniruhusu kuondoka.

Na yeye, baada ya mimi kumjibu vile, hakuniita tena. Aliirudia sheria yake. Akainuka kwa miguu ile, akaingia kichochoroni anizunguke, atokee mbele yangu, asinikatie jambo langu. Mikono mitupu. Hakuwa na cha kunipa, alitaka tu nimwone, au anione. Nimeligeuza hilo kichwani miaka yote hii na sijapata jibu la tatu.

Siku hizi nikiwa barabarani, nikisikia mtu anaita nyuma yangu, nasimama na kugeuka. Hata nikiwa na haraka, hata mvua ikinyesha, hata jina likiwa si langu. Natazama mpaka nimwone anayeita. Mara nyingi huwa anamwita mtu mwingine.