Fungua Mfuniko Kabla ya Kutaja Jina

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata chai hubadilika ladha mdomoni. Ni siku redio ya kijiji ilipokataa kuwaka, katika kijiji kimoja cha Ujamaa upande wa Goweko, mchana wa jua kali, watu wote wamekaa chini mbele ya bohari ya tumbaku wakisubiri kusikia jina la kijiji chao likitajwa hewani.

Nakusimulia kwa sababu juzi ulinipigia simu. Kompyuta ya mezani ya ofisini kwenu ilikuwa imezimika ghafla, ukibonyeza kitufe haitoi hata mlio. Nilitegemea uniambie kama taa yake inawaka au haiwaki. Wewe ukaanza na, "Kuna mtu kaichezea hii," na jina la mtu ulikuwa nalo tayari. Nikakata simu nikisingizia mtandao. Haukuwa mtandao. Nilikuwa nimekasirika, na mtu wa umri wangu akikasirika kwenye simu husema mambo ya kipuuzi. Afadhali niandike, maana kwenye karatasi upuuzi wangu huwa na vituo na aya.

Enzi hizo nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nimekuja likizo kwa mjomba wangu, Mzee Sefu, kaka wa mama. Nilikuwa na ndevu chache na maneno mengi. Mjomba alikuwa fundi cherehani wa mjini Tabora, mtu aliyezaliwa mjini yeye na baba yake na babu yake, wa kanzu ya Ijumaa na kahawa ya jioni. Vijiji vilipoanzishwa, alihamia Goweko na mkewe Bi Mwasiti, na cherehani yake. Wengine walihamishwa; yeye alijitolea. Nasisitiza hilo kwa sababu baadaye lilisahauliwa kwa wepesi wa ajabu. Aliamini kabisa. Alisema amechoka kushona suruali za watu asiowajua hata wanakaa wapi.

Kijiji kilipopewa redio, kubwa, yenye mpini wa kubebea, walimkabidhi yeye kwa hoja moja tu: anayeiweza cherehani ataiweza na redio. Kazi yenyewe ilikuwa kwenye betri. Duka la kijiji likipata chumvi ilikuwa sherehe, sembuse betri. Kwa hiyo betri zikichoka hazikutupwa, zilianikwa. Wewe unajua kuchaji. Hujui kuanika betri. Kila asubuhi Mjomba alizitoa zote, akazipanga juu ya bati la bohari kama mtu anayeanika dagaa. Jua likizipasha vya kutosha alizishusha, akazifuta kwa kitambaa, akazirudisha moja moja, na redio ikapata uhai wa kutosha taarifa ya habari na kipindi cha wakulima. Kijiji kizima kiliishi kwa jua lile.

Sasa siku hiyo alikuja mgeni kutoka wilayani na habari kwamba katika kipindi cha wakulima kijiji chetu kitatajwa kwa tumbaku yake nzuri. Kutajwa redioni, mwanangu! Wanawake walisukana nywele. Kuna mzee mmoja alivaa koti lake la suti juani, kana kwamba redio ingemwona.

Adhuhuri Mjomba alikwenda kuswali, nami nyuma yake. Tuliporudi tulikuta redio imeshafungwa, iko juu ya meza yenye kitambaa, na Mwenyekiti wa kijiji amesimama kando yake akijifuta mikono.

"Nimeshazipanga betri, Mzee Sefu," alisema. "Tusingeweza kukungoja umalize uradi."

"Ahsante, Mwenyekiti. Ngoja nizitupie jicho tu."

"Jicho la nini? Mimi mtu mzima siwezi kupanga betri?"

Watu wakacheka. Mgeni wa wilayani naye akacheka. Mjomba akarudisha mkono wake mfukoni, kwa sababu alilelewa kwamba kiongozi hafedheheshwi mbele ya mgeni wake. Malezi mazuri yana gharama zake, na mara nyingi anayelipa ni yule aliyelelewa vizuri.

Wakati wa kipindi ulipofika, Mwenyekiti akageuza kitufe cha kuwashia. Kimya. Akageuza tena. Akaipiga redio kibao cha ubavuni, kama tunavyozipiga redio zote. Kimya. Mtoto mmoja akalia, mama yake akamziba mdomo, kana kwamba ni yeye anayeizuia. Mjomba akasogea na bisibisi ndogo ya cherehani.

"Ngoja nifungue mfuniko wa nyuma."

"Asiiguse mtu!" Mgeni wa wilayani alikuwa amesimama. "Hiyo sasa ni ushahidi."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa neno hilo moja, ushahidi. Redio ilipogeuka kuwa ushahidi, hakuna aliyeruhusiwa kuifungua; na kwa kuwa haikufunguliwa, iliendelea kuwa ushahidi. Nimesoma falsafa kwa fedha za wakulima hao hao, na sijakutana na duara lililofungwa vizuri kuliko lile.

Kipindi kikapita. Mpaka leo hakuna mtu wa kijiji kile anayejua kama walitajwa.

Lazima uelewe zama zenyewe. Kitu hakikuharibika chenyewe. Trekta likigoma, kuna mhujumu. Mbolea ikichelewa, kuna mhujumu. Mvua peke yake ndiyo haikuwa na mhujumu wa Kichama, ingawa kwa mvua nayo wazee wa Kinyamwezi walikuwa na majina yao. Mkutano haukuhitaji kuitishwa. Watu walikuwa wamekaa tayari, wamevaa vizuri, na hawana cha kusikiliza.

"Nani anakaa na redio hii?" aliuliza mgeni.

"Mzee Sefu!"

"Nani anazigusa betri zake?"

"Mzee Sefu!"

"Na kabla ya kuja hapa alikuwa nani?"

"Mtu wa mjini! Mwenye duka!" alipaza sauti mtu wa nyuma. Mjomba hakuwahi kuwa na duka. Alikuwa na kibaraza cha kuazima.

"Kila siku anaziweka juani," akadakia mwingine. "Anazimaliza nguvu makusudi!"

Na watu waliokuwa wakisikiliza taarifa ya habari kila siku kwa betri hizo hizo za juani wakaitikia kwamba ni kweli, anazimaliza. Karibu nusu yao walikuwapo pale adhuhuri, walimwona Mwenyekiti akizishusha na kuzipanga kwa mikono yake. Hakuna aliyefungua mdomo. Sisemi walikuwa watu wabaya. Mwenyekiti ndiye aliyegawa mashamba, na msimu ulikuwa karibu.

Mjomba alipoulizwa ana lipi la kujitetea, alisimama, akavua kofia yake.

"Sijafungua, ndugu zangu. Siwezi kusema kosa ni la nani kabla sijaona ndani."

"Ndani ya nini? Ndani ya moyo wako?" mtu akamdhihaki, na watu wakaangua kicheko.

Nilimtazama, nikamwomba kwa macho ataje jina la Mwenyekiti. Alikuwa nalo mdomoni, nina hakika. Hakulitaja. Kwake kumtaja mtu kwa kubahatisha ni kumtaja kwa kubahatisha, hata kama mtu huyo ndiye anayekuzika.

Ndipo niliposimama mimi, msomi wa ukoo. Nilizungumza juu ya nguvu za uzalishaji. Nilizungumza juu ya mahusiano ya kitabaka vijijini na ugumu wa kipindi cha mpito. Nilizungumza vizuri sana; mgeni wa wilayani alinipigia makofi. Kisha akayachukua maneno yangu yote, akayageuza kidogo, akahitimisha nayo kwamba, kama kijana wetu msomi alivyotueleza, kipindi cha mpito ndipo hasa maadui wanapojificha. Nikaketi. Mikono ikanyooshwa. Mzee Sefu avuliwe redio na aondoke kijijini.

Bi Mwasiti alifunga mizigo bila kulia. Alikuwa akizungushia kanga kichwa cha cherehani nilipojaribu kumfariji kwa kumwambia kwamba historia itamsafisha mumewe. Akaacha kufunga, akanitazama.

"Historia ni nani?" alisema. "Anakaa nyumba ipi tumfuate? Mjomba wako alihitaji mtu mmoja wa kusema, 'Fungueni mfuniko.' Maneno mawili, baba. Wewe umesema mengi yasiyohesabika, hayo mawili hayakuwamo."

Walipanda treni Goweko kurudi Tabora. Wanawake kadhaa walikuja stesheni, wakasimama mbali, wasionekane wameaga. Mmoja alikuwa amevaa gauni aliloshonewa bure na Mjomba alipojifungua.

Mimi nilibaki nyumbani kwao hadi likizo iishe. Walipoondoka, Mwenyekiti aliniletea redio, maana sasa hapakuwa na fundi na mimi angalau nilikuwa nimesoma. Nikafungua mfuniko. Sikuhitaji bisibisi wala shahada. Betri moja ilikuwa imegeuzwa, kichwa kiko mahali palipotakiwa kuwa na kitako. Nikaigeuza, nikawasha, na redio ikaimba muziki wa dansi kwa sauti kubwa hadi kuku wakakimbia.

"Mwenyekiti," nikamwambia, "ni betri moja tu. Iliwekwa kinyume."

Uso wake ulibadilika. Alielewa. Hakuwa amefanya makusudi, na nadhani mpaka dakika ile aliamini kweli kwamba kuna adui. Kisha akauinamia ule mfuniko, akaurudisha mahali pake mwenyewe.

"Mkutano umeshaamua," alisema. "Sasa unataka niitishe mwingine, niwaambie nini?"

Likizo ilipokwisha nilipitia Tabora. Mjomba alikuwa amerudi kwenye kibaraza kilekile karibu na soko, anashona sare za shule. Nikamweleza habari ya ile betri, nikitegemea atafurahi. Hakuacha kukanyaga cherehani.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

"Mimi na Mwenyekiti."

"Basi hakuna anayejua."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akashona, akacheza bao, akaozesha mabinti. Lakini redio ya jirani ikianza kipindi cha wakulima aliondoka barazani na kwenda kutafuta jambo la kufanya uani. Alipofariki, walikuja watu wawili wazee kutoka upande wa Goweko kuzika. Walikuwa na nia njema, wametembea mbali. Nikamsikia mmoja akimwelekeza mwenzake kwa sauti ya chini: "Ndiye huyu, yule aliyeharibu redio." Kaburi lilikuwa bado halijafukiwa.

Kwa hiyo nakuomba, mwanangu, na nakuomba nikiwa sitanii. Chombo kikigoma, kiulize chombo kwanza. Tazama kama umeme upo; chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile, itakujibu. Usiamini macho kwenye waya unaoingia nyuma ya kompyuta. Ushike, usukume, maana ukisogeza meza kidogo tu hulegea huku ukionekana umekaa. Nyuma kuna swichi ndogo ambayo watu wengi hawajui kama ipo. Tega sikio usikie feni, kwa kuwa kuna wakati mashine ni nzima na kilichokufa ni skrini. Chomoa vyote ulivyovichomeka pembeni, jaribu tena. Ukinusa kuungua, acha kila kitu na umwite fundi. Hayo yote hayakuchukui muda wa kunywa chai, na katika muda huo hakuna jina la binadamu linalohitajika.

Ukishaona ndani, hapo uliza watu, na uulize kama mtu anayetaka kujua. Na kama jina lilishakutoka, kisha ukakuta ni waya tu, usirudishe mfuniko kimyakimya. Waite walewale uliowaambia, usimame palepale, useme kwa sauti ileile kwamba ulikosea. Utaona aibu. Aibu hiyo itapita kabla ya mwisho wa mwezi. Ile uliyomvika mwenzako haijui kupita. Nimeiona ikimfuata mtu hadi makaburini.

Mungu akupe subira ya kutazama. Akuepushe na makofi ya watu wanaokusifu kwa maneno yasiyomsaidia mtu. Na siku ukimkosea mtu, maana utamkosea, akujalie kulijua kosa lako mapema, mkosewa akiwa bado hai, anakaa barazani kwake, na masikio yake yanasikia. Amina.