Mgeni Ale Kwanza

Kihispania changu nilikipata kwenye chumba cha kufulia mashuka cha hoteli moja karibu na uwanja wa ndege wa Minneapolis, huku Minnesota, Marekani, si darasani. Miaka kadhaa nilishika shuka upande huu, wanawake wa Meksiko wakashika upande ule, na huwezi kukunja shuka kubwa na mwenzako siku nzima bila kuzungumza naye. Ndiyo maana kliniki ilipotafuta wahudumu wa afya wa kutembelea familia za Kilatino, zinazozungumza Kihispania, majumbani, ilinichukua mimi, mwanamke wa Mombasa mwenye buibui. Wengine walidhani ni mzaha. Kazi yenyewe ilikuwa kuwafundisha watu wenye kisukari namna ya kula: nusu ya sahani mboga, robo wanga, robo nyama au maharagwe, na soda ibaki dukani.

Mwenzangu aliyenifundisha kazi, mama wa Kimeksiko mwenye sauti ya kuamrisha, alinipa sharti moja. "Ukiingia nyumbani kwa watu, kula kwanza. Ukiikataa sahani yao, hata uwaletee dawa ya kufufua maiti hawatakusikiliza." Nikacheka, maana hilo mtu wa pwani hafundishwi. Kwetu mgeni akiondoka bila kuonja kitu, mwenye nyumba hulala na aibu.

Basi nikapangiwa bibi mmoja wa kitongoji cha Richfield. Alikuwa mfupi, mkaidi, mwenye umri wa miaka sabini na ushei, akiishi na mwanawe na mkwewe kwenye nyumba ambayo ndege zilipita juu yake karibu sana, mpaka ikabidi mazungumzo yasimame zipite. Kila asubuhi alijichoma sindano ya insulini. Siku ya kwanza tu aliniweka mezani, akaniletea maharagwe yaliyopondwa, akaketi mbele yangu na kijiko mkononi, asikitie mdomoni. Kwake yeye mwenyeji hali kabla ya mgeni. Mimi nikamsubiri aanze, yeye akanisubiri nianze, chakula kikapoa.

Shida ilikuwa maharagwe yenyewe, yaliyokaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Nikamweleza kwa adabu kwamba dini yangu hainiruhusu, nikala tortilla, vile vichapati vyao vya mahindi, pamoja na majani ya mpungate aliyoyaparuza miiba na kuyachoma kavu na vitunguu. Hapo ndipo naye akala. Nikaona nitumie nafasi hiyo kumwambia kwamba mafuta yale hata kwake hayafai, ajaribu ya alizeti, kidogo tu. Akanitazama kana kwamba nimemtukania mzazi.

"Mama yangu alipikia haya, na alikufa mzee kuliko mimi."

"Alikuwa na sukari?"

"Alikuwa na hasira. Ndiyo iliyomuua."

Kila nilipokwenda tuliyarudia hayo, na kila mara nilishindwa. Nami sipendi kushindwa. Nilikuwa nikirudi garini naupiga usukani kwa kiganja, watu wa kituo cha basi wananitazama.

Mwaka ule Ramadhani iliangukia kipindi kimoja na Kwaresima yao, theluji ingali nje. Nilipofika nikakataa kila kitu, hata maji. Bibi akanuna. Ikanibidi nimweleze: tangu alfajiri mpaka jua litue hatuli wala hatunywi, na tunaamini dua ya aliyefunga hairudi mikono mitupu. Aliposikia la dua akaacha kufuta meza.

"Hairudi kabisa?"

"Ndivyo tunavyoamini. Lakini mgonjwa hafungi. Mungu mwenyewe amemsamehe."

Nilimwambia hivyo waziwazi, namtazama usoni. Akaitikia kwa kichwa. Nilijua kwamba siku za Ijumaa za Kwaresima hali nyama kama wenzake wote, basi nikaona tumeelewana.

Siku chache baadaye mwanawe akaanguka. Kazi yake ilikuwa ya kuezeka mapaa, na wakati wa baridi watu walimwita kuvunja barafu inayoganda kwenye kingo za paa. Akateleza pamoja na barafu yake, akapelekwa hospitali Minneapolis, hajitambui. Mkewe akawa kando ya kitanda chake kutwa. Bibi, ambaye miguu yake haikuweza viti vya hospitali, akabaki peke yake na nyumba.

Nikawa napita mara nyingi kuliko nilivyopangiwa. Kila nilipompima mchana, sukari ilikuwa imeshuka vizuri kuliko wakati wowote tangu nimfahamu. Nikamsifu, nikamwarifu muuguzi wetu kwa simu. Muuguzi hakufurahi kama nilivyotaka. Akaniambia mwenye huzuni huwa hali, nihakikishe. Nikamuuliza bibi, "Umekula?" Akanijibu, "Nimekula asubuhi." Hakusema uongo. Mimi sikumuuliza ni asubuhi ya saa ngapi.

Alasiri moja nilibisha asifungue. Nikabisha tena, nikamwita, kimya. Nikauzunguka ule upande wa gereji mpaka mlango wa jikoni, theluji ikiniingia viatuni, nikaukuta haujafungwa kwa ufunguo. Bibi alikuwa ameketi mezani. Jikoni kulikuwa na baridi lakini yeye alilowa jasho, mikono ikimtetemeka, akaniangalia kama mtu asiyenijua. Nikamtoboa kidole. Kipimo kikaonyesha sukari imeshuka mno.

Nikapiga simu ya dharura. Wakasema gari liko njiani, nimpe kitu kitamu upesi maadamu bado anaweza kumeza. Nikatoa maji ya machungwa kwenye jokofu, nikajaza kikombe, nikamsogezea mdomoni. Akakaza meno.

"Bado jua," akasema.

"Jua gani, mama?"

"Halijatua."

Ndipo nikaiona sahani juu ya meza, imefunikwa kitambaa, na kando yake jagi la maji limefunikwa vilevile. Vinangoja Magharibi. Bibi alikuwa anafunga kama mimi. Alikuwa akila kabla hakujapambazuka, anajichoma sindano yake kama kawaida, kisha hagusi hata tone la maji mpaka jioni.

"Nilikwambia mgonjwa hafungi!" Nilifoka, sioni haya kusema. "Nilikwambia kwa mdomo wangu huu!"

"Mimi si mgonjwa. Nina sukari tu."

Ndege ikapita. Nilisimama na kikombe changu, nikingoja ile ngurumo ipite, huku nikimwona macho yanamlegea. Ilipopita akaniambia, polepole, maneno yakimponyoka, kwamba ameweka nadhiri. Atafunga kama ninavyofunga mimi mpaka mwanawe afumbue macho. Akiivunja, mwanawe atakufa, na yeye mama ndiye atakayekuwa amemuua.

"Iweke juu yangu," nikamwambia. "Dhambi na iwe yangu."

"Si yako."

Nilifikiria kumbana pua nimnyweshe kwa nguvu kama mtoto, lakini angeweza kupaliwa akafa mikononi mwangu. Nikamwambia Mungu hataki mama afe ili mwana apone. Nikamwambia mwanawe akiamka atamtaka mamake. Hata moja halikumfungua meno. Niliogopa, na nilimkasirikia vibaya sana, na mambo hayo mawili yalikuja kwa pamoja. Kisha nikatazama mkono wake. Alikuwa ameshika kijiko. Hata katika hali ile, mimi nilipoingia alikuwa amekishika kijiko akaketi wima, vile anavyoketi kila siku akinisubiri nianze.

Jua lilikuwa bado juu ya paa la gereji ya jirani. Tangu nilipoanza kufunga utotoni sikuwahi kuivunja saumu yangu kwa mkono wangu mwenyewe. Nikasema bismillahi, nikanywa. Yale machungwa yalikuwa baridi na matamu, na nilitaka kulia.

"Mgeni ameshakunywa," nikamwambia.

Alikitazama kikombe, akanitazama mimi. Ilimchukua muda kuelewa.

"Umevunja yako," akasema.

"Nimeivunja. Sasa utaniacha ninywe peke yangu nyumbani kwako?"

Uso wake ulibadilika. Sikuwa nimempa hoja ya daktari wala ya kasisi. Nilikuwa nimemtia aibu ya mwenyeji, na ile aliijua tangu mtoto. Akafungua mdomo. Nikamnywesha funda kwa funda, machozi yake yakidondokea kikombeni, mpaka nikasikia king'ora barabarani.

Watu wa ambulansi walimkuta ameshapata fahamu za kuwagombeza kwa kuingia na viatu vya theluji. Wakampima, wakasema lazima aende akaangaliwe. Walipokuwa wanamfunga mikanda kwenye kitanda chao, akanishika kiwiko kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

"Akifa," akasema, "usirudi hapa."

Jioni ile nilifuturu mezani na mume wangu, mtu wa pwani kama mimi, anayeendesha lori. Nilimsimulia, naye akaacha kula.

"Si unge-call ambulance tu, ungoje?"

"Nili-call. Ilikuwa njiani. Angezimia kabla hawajafika."

"Basi ushapata udhuru. Utailipa hiyo siku, finish."

"Sheria naijua. Si hiyo inayoniuma."

"Ni nini?"

"Yule kijana akifa."

Akanisogezea tende.

Sijui kama kuna mtu aliyemwombea yule kijana kuliko mimi siku zile. Nilimwombea kwa Kiarabu, kwa Kiswahili, na garini kwa Kihispania, maana niliona huenda kesi yake imefunguliwa kwa lugha hiyo. Kila simu ilipoita mkono wangu ulikuwa mzito. Nilijua kwa akili kwamba kikombe cha machungwa hakiui mtu aliyelala Minneapolis. Lakini nimelelewa na watu wanaoheshimu nadhiri, na akili ilikuwa upande mmoja, mwili upande mwingine.

Kabla ya Idi mkwe wa bibi aliniandikia ujumbe mfupi: mumewe amefumbua macho. Nilikuwa kwenye maegesho ya kliniki. Niliketi ndani ya gari nikalia mpaka vioo vikaingia ukungu.

Lakini bibi mwenyewe hakunipigia. Mwenzangu wa Kimeksiko ndiye aliyekuwa akienda kwake sasa. Muuguzi alikuwa ameomba nipumzishwe na nyumba ile, nami sikubisha. Nikimuuliza mwenzangu habari zake, ananiambia yuko salama, amebadilishiwa dozi, mwana ameanza kutembea. Nikimuuliza kama ameniulizia, anajifanya anatafuta funguo. Majira ya joto yakapita hivyo. Nilikuwa nimemponya na nimempoteza, na nilijaribu kujiambia ndiyo kazi. Sikufaulu.

Sisi wa Minnesota saumu za kulipa huwa tunaziweka mpaka Desemba, jua linapotua watu wengine hawajatoka hata kazini. Ni ujanja, na Mungu anaujua. Siku niliyochagua kulipa ile yangu, mwenzangu akanipigia. "Bibi anakutaka. Leo. Usiniulize."

Aliyenifungulia mlango alikuwa mwanawe, na mkongojo, amekonda, anatabasamu kwa upande mmoja wa uso. Alinionyesha jikoni kwa mkono. Bibi alikuwa jikoni, mgongo amenipa. Hakunisalimu.

"Kaa."

Nikakaa. Akaniletea sahani: majani ya mpungate yamejaa nusu, vichapati viwili, na maharagwe.

"Hakuna nguruwe," akasema. "Ya alizeti. Na sufuria mpya, ile ya zamani nimeitupa." Akavuta kiti. "Sukari sikuifikiria. Nilifikiria kwamba ulivunja saumu yako nyumbani kwangu na maharagwe yangu hujawahi kuyaonja."

Miezi mingi nilimhubiria mafuta yale, asinisikie. Akaketi mbele yangu na sahani yake, akashika kijiko, akasubiri.

Sindano yake alikuwa ameshaichoma, niliiona chupa ya insulini juu ya kaunta. Angengoja nianze, na nisipoanza asingekula, tungekuwa palepale.

"Mama," nikasema, "leo nimefunga. Ninalipa ile siku."

Alinitazama. Akatazama dirishani, kwenye jua lililokuwa limesimama juu ya gereji ya jirani. Mkono wangu ulikuwa tayari unakiendea kijiko, wallahi, ningeivunja mara ya pili, nije kutafuta siku nyingine.

Akanipiga mkono. Akachukua kitambaa, akaifunika sahani yangu, akaibana pembe nne kwa vidole. Kisha akaivuta ya kwake, na mbele ya mgeni ambaye hajatia kitu mdomoni, akala. Alikula akiwa ameinamisha macho, masikio yamemwiva kwa aibu. Nilijua kile kijiko cha kwanza kilimgharimu nini. Nilimwangalia mpaka alipofuta sahani kwa kichapati.

Tukakaa hivyo, ndege zikipita. Jua lilipozama nyuma ya gereji akainuka, akaenda dirishani kuhakikisha, akarudi kunifunulia sahani.

"Sasa mgeni ale," akasema.

Maharagwe yalikuwa yamepoa, na bila mafuta yale yalikuwa hayana ladha. Yeye alijua, nami nilijua. Nikayala yote.